Nyonga ya Bandia Haitiwi Grisi

SWALI: Mama yangu aliwekewa nyonga ya bandia miaka minane iliyopita. Siku hizi akipanda ngazi inalia "kwii". Mimi ni fundi wa magari, na kila beringi ninayoijua inataka grisi. Je, ipo sindano ya kulainisha?
*Fundi, Changamwe*

JIBU: Hakuna, na atakayekuuzia mkatae. Zile sindano za ute hudungwa viungo vya asili. Kwenye kiungo bandia, kila sindano ni njia ya bakteria kuingia, na maambukizi humo ni balaa kuliko mlio wowote.

Grisi ya nyonga hiyo hutoka mwilini mwenyewe. Baada ya operesheni, utando huota upya kukizunguka kiungo na kutoa ute. Lakini ute huo hautenganishi kabisa nyuso mbili zinazosuguana, yaani kichwa cha duara na kikombe chake, kama mafuta ya injini yafanyavyo. Mama akitembea polepole, nyuso hugusana. Kipimo cha msuguano wa gegedu la asili ni kama 0.01 au chini yake. Chuma juu ya plastiki hufika 0.05 hadi 0.1.

Hata hivyo, utelezi si kila kitu. Mwaka 1958 daktari Mwingereza John Charnley alitumia vikombe vya Teflon, plastiki inayoteleza mno. Vikalika ndani ya miaka michache tu. Mwaka 1962 akahamia polietilini, ambayo msuguano wake ni mkubwa zaidi, lakini ikadumu. Kichwa cha nyonga nacho alikifanya kidogo, milimita 22. Kichwa kikubwa husugua eneo kubwa na kumwaga unga mwingi.

Unga huo ndio adui. Plastiki ya zamani hulika takriban milimita 0.1 kwa mwaka. Ya kisasa, iliyoimarishwa kwa mionzi, hulika chini ya nusu ya hapo. Chembe nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, kisha huamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa ukiliwa, chuma hulegea.

Sasa huo mlio. Tafuteni faili ya operesheni. Humo hubandikwa vibandiko vyenye aina na namba ya kila kipande. Ikiwa ni kauri (kitu kigumu kama kigae) juu ya kauri, kulia kunajulikana, na mojawapo ya sababu ni kikombe kilichokaa pembe mbaya. Ikiwa ni chuma juu ya plastiki, haikutarajiwa kulia. Huenda plastiki imelika hadi chuma kikakutana na chuma. Mpeleke kwa daktari wa mifupa wiki hii, pamoja na eksirei ya kwanza ili ilinganishwe na mpya. Kichwa kikionekana kimetoka katikati ya kikombe, plastiki imepungua. Akisikia kukwaruza au "ko!" ya ghafla, asingoje hiyo wiki.

SWALI: Nina goti la bandia. Kusujudu kutalimaliza?
*Bibi wa Mji wa Kale*

JIBU: Kupiga goti kwenyewe hakulimalizi, Bi. Kinachouma mara nyingi ni ngozi na kovu. Weka mto mwembamba juu ya mswala. Mzigo uko kwenye kukalia miguu: goti likikunjwa sana, uzito hubana ukingo wa nyuma wa plastiki. Goti halina kikombe kirefu kama nyonga, kwa hiyo uzito hukusanyika mahali padogo na plastiki huweza kubanduka vipande. Kwa vikao hivyo tumia kiti. Plastiki ikilika na vyuma bado vimeshika, huweza kubadilishwa yenyewe tu.

SWALI: Nyonga yangu haiumi. Mbona kliniki wananiita kupigwa picha?
*Mzee, Likoni*

JIBU: Kwa sababu mfupa huliwa kimyakimya, Mzee. Maumivu huja chuma kikishalegea, na hapo operesheni ya pili huwa ngumu kwa kuwa mfupa wa kushikilia umepungua. Panda feri uende.