Kipupwe Kikifika, Mimi Nahamia Bagamoyo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwalimu mmoja wa Kongwa ambaye amebakiza muda mfupi kustaafu. Aliniandikia hivi: "Shikamoo mama. Nasikia baridi ikianza unakwenda kukaa pwani kwenye nyumba yako mpaka ipungue. Mimi magoti yananisumbua na mke wangu ana pumu. Je, mtumishi wa kawaida anaweza jambo hilo, au ni la wenye fedha tu? Na je, nyumba nikishaijenga, niipangishe miezi ambayo sipo?" Marahaba, mwalimu. Nimeona nikujibu hapa, kwa sababu ninajua wapo wengi wanaotamani jambo hilihili na wanaona haya kuuliza.

Nianze na baridi yenyewe, maana ndugu zetu wa Njombe na Makete hutucheka wakisikia Dodoma inalalamika. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na katika miezi ya Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzijoto 13 au 14. Makete wangeona hali hiyo ni ya kawaida, lakini wao wana nyumba zilizojengwa kwa kuitambua baridi, wakati sisi tumejenga kwa kulikimbia joto la Oktoba na Novemba. Zaidi ya hayo, mvua zetu ni za msimu mmoja tu na huisha Aprili, hivyo kipupwe kinapoingia ardhi imekwisha kukauka na upepo unanyanyua vumbi kutwa nzima. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, watoto wanatokwa damu puani. Nilifanya kazi ya uuguzi mpaka nilipostaafu, na kila mwaka miezi hiyo niliona wodi ikijaa vifua: watoto wenye nimonia, wazee wenye kikohozi kisichokoma, na wenye pumu wakiletwa alfajiri wakihema kwa shida. Magoti yangu nayo yalianza kunisumbua nikiwa bado kazini. Wenye maumivu ya viungo wengi husema kuwa baridi huwazidishia, na mimi ni mmoja wao.

Bagamoyo sikuichagua kwenye ramani. Nilipangiwa kazi huko nikiwa muuguzi kijana, binti wa Kigogo aliyekulia kwenye uwele na mlenda, ambaye alikuwa hajawahi kuiona bahari. Nilipopata uhamisho wa kurudi nyumbani nilikuwa tayari nimelipia sehemu ya kiwanja kwa awamu, kutoka kwenye mshahara ambao wenzangu walikuwa wakiulalamikia kila mwisho wa mwezi. Kisha nilijenga polepole sana. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, halafu kimya cha muda mrefu kwa sababu ya ada za shule, halafu paa. Nyumba hiyo ina vyumba viwili, sebule, choo cha ndani, chumba kimoja cha nje na baraza inayotazama upande unakotoka upepo. Haina geti la umeme wala vigae vinavyong'aa. Wapo watu wa mtaa wangu hapa Dodoma walionicheka waziwazi, wakauliza Mgogo anakwenda kutafuta nini baharini. Leo haohao wananipigia simu mwezi Desemba kuomba funguo ili wapeleke watoto wao ufukweni, na sitaficha kwamba simu hizo hunifurahisha.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, mtumishi wa kawaida anaweza, mradi aanze mapema na asisubiri kiinua mgongo. Nimeona wastaafu wakichukua mafao yote na kuyazika kwenye jengo moja pwani, kisha wakakosa nauli ya kwenda kulala humo. Anza ungali na mshahara, na ujenge kidogo.

Kuhusu kiwanja nitasema machache, kwa kuwa sheria zipo na ofisi zipo. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na wewe unapata haki ya kuimiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, huku ukilipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Usikubali kuonyeshwa kiwanja na dalali pekee. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukahakikishe kimepimwa na kinasomeka kwa jina la nani. Ukiambiwa kwamba kiwanja kinagusa mchanga wa ufukwe, ondoka, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nyumba yangu iko mbali na maji kiasi kwamba bahari siioni, lakini upepo wake unanifikia, na upepo ndio nilioufuata.

Chumvi ya upepo huohuo haina huruma. Bati jembamba hupata kutu mapema, misumari huoza, bawaba za milango hukwama, na nguo ulizoziacha kabatini hukukaribisha kwa harufu ya ukungu. Nunua bati nene hata kama litachelewesha ujenzi kwa mwaka mzima, weka madirisha ya alumini, na usiache godoro limelala sakafuni. Umeme nao una jambo lake ambalo huwashtua wageni. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, ule mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa tangu mwaka 2023, na nyumba ikikaa miezi bila kununuliwa umeme, deni hujikusanya na kukatwa siku unayonunua. Utalipa elfu ishirini ukiwa gizani na uniti zitakuja pungufu. Hujaibiwa, ni kodi ya miezi ambayo hukuwepo.

Lakini haya yote fundi yeyote anaweza kukueleza. Jambo ambalo fundi hatakueleza, na ambalo limenigharimu kuliko bati, ni watu. Mwenye nyumba mbili ana mitaa miwili, na mitaa yote miwili ina haki juu yake.

Miaka michache kabla ya treni mpya kuanza, nilikuwa Bagamoyo mwezi Julai wakati mjomba wangu alipofariki dunia huku Ugogoni. Simu ilinifikia usiku. Nilipanda gari alfajiri nikapita Msata na Chalinze, nikapanda basi la kuja Dodoma, nalo likaharibika njiani baada ya Morogoro. Nilipofika, udongo ulikuwa umekwisha kufukiwa na watu wamekaa kwenye mikeka. Hakuna aliyenifokea. Katika kikao cha ukoo, hata hivyo, ndugu yangu mmoja alisema mbele ya wote kwamba michango yangu ipokelewe, ila nisihesabiwe katika kazi za msiba, kwa kuwa mimi sasa ni mtu wa pwani na ninaogopa baridi. Watu walicheka kidogo. Mjomba yule ndiye aliyeuza ng'ombe ili nikasome uuguzi. Ndugu yangu huyo tunasalimiana hadi leo, tunakula pamoja sikukuu, lakini kila mwaka ninapofunga mkoba wangu wa safari sentensi yake hurudi, na bado sijapata jibu ambalo ningeweza kumpa lingemridhisha yeye au mimi.

Tangu wakati huo siondoki Dodoma kimyakimya. Ninawaaga wazee wa ukoo mmoja mmoja, ninalipa mchango wangu wa kikundi cha kufa na kuzikana kwa miezi ya mbele, na nauli ya dharura hukaa kando kwenye simu, haiguswi hata kwa vocha. Wengi wenu mnaotaka kwenda kupumzika pwani mnadhani mapumziko ni kuzima simu. Kwa mtu wa umri wetu, mwenye wazazi na wajomba, kuzima simu ni kujitenga na watu watakaokuzika. Mtu asiyewaaga ndugu zake asishangae siku atakapoitwa mgeni nyumbani kwao, na wala asitarajie kwamba fedha aliyotuma itakaa matangani badala yake. Nimelisema hili kanisani, nimelisema kwenye vikao vya wastaafu, na nitaendelea kulisema.

Treni imenisaidia kuliko ninavyoweza kueleza. Huduma ya abiria ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilifika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, kwa nauli ya shilingi 31,000 kwa treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam, na safari iliyokuwa ikinichukua siku nzima kwa basi sasa ni ya saa chache. Ninapanda asubuhi hapa, ninateremka Dar es Salaam, na kabla ya jua kuzama nipo kwenye baraza yangu. Kikitokea cha kutokea, ninaweza kurudi siku hiyohiyo. Mizigo mizito huitanguliza kwa basi: unga wa uwele, karanga, na mlenda mkavu ambao majirani zangu wa Bagamoyo waliukunjia uso mwanzoni na sasa wanauulizia kabla sijateremsha mkoba.

Majirani hao ndio walinzi wangu. Mlinzi wa kulipwa nilikuwa naye mwanzoni, akawa anaonekana tarehe za mshahara tu. Sasa funguo anakaa nazo mama mmoja muuza vitumbua wa nyumba ya pili. Hufungua madirisha mara kwa mara, hufagia, na hunipigia simu paa likivuja wakati wa masika. Ninampa kiasi tulichokubaliana kila mwezi, lakini nisijidanganye, si fedha ile inayomfanya ailinde nyumba yangu. Nilimuuguza mama yake. Nilikaa kwenye msiba wake, nikapika na wanawake wenzangu, ingawa mimi ni Mkristo na wao ni Waislamu, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Ukifika pwani na kujifungia ndani na familia yako, ukawatuma vijana wa mtaa kama watumishi, basi ukiondoka nyumba yako itakuwa ya popo na ya yeyote mwenye bisibisi. Piga hodi kwa mjumbe siku ya kwanza. Kuna wastaafu wenzangu wanaoona jambo hilo halilingani na vyeo walivyokuwa navyo, nami huwaambia kwamba cheo kilibaki kwenye faili.

Afya nayo isisahaulike, hasa kwa sisi tunaotoka Dodoma, ambako malaria ni kidogo ukilinganisha na Pwani. Mbu wa huko hawajali kwamba umekwenda kupumzika. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila siku, na homa yoyote ukapimwe siku hiyohiyo. Usinunue dawa kwa kukisia. Beba dawa zako za presha na sukari za kutosha pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu hewa ya bahari haijawahi kushusha presha ya mtu aliyeacha vidonge. Magoti yangu huniruhusu kutembea hadi sokoni na kurudi, jambo ambalo Julai ya Dodoma hunikatalia, lakini dawa ninaendelea nazo kulekule.

Wala usitegemee kwamba utakaa msimu wote. Mimi nina shamba la zabibu, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kwa hiyo wakati ninapokula samaki Bagamoyo, ambaye kwa pepo za kusi huwa adimu na ghali kuliko wageni wanavyotarajia, mizabibu yangu ina vichala vinavyohitaji maji na salfa ya kuzuia ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu. Mdogo wangu wa kiume ndiye hubaki na shamba, naye hupata sehemu ya mavuno, si shukrani tupu. Kabla ya Nanenane, sikukuu ya wakulima, ninakuwa nimerudi, watu wakiwa wanajipanga kwenda kwenye maonyesho ya Nzuguni na baridi ikianza kuachia.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, mwalimu, la kupangisha. Nyumba kubwa siipangishi. Mpangaji wa miezi michache huja na kitanda chake na kuondoka na kitasa chako, na siku unayotaka kuhamia wewe ndipo anapokuwa na mgonjwa ndani. Kile chumba cha nje nimempangisha mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha palepale mjini, kwa mkataba wa maandishi uliopita kwa mwenyekiti wa mtaa. Kodi yake inalipa pango la ardhi na sehemu ya malipo ya yule mama. Anapiga ngoma jioni, nimezoea.

Kabla ya hayo yote, usinunue chochote mwaka huu. Mchukue mke wako mwezi Julai, si Desemba ambapo joto na unyevu wa pwani vitawadanganya vyote viwili, mkapange chumba cha kawaida Bagamoyo au Pangani kwa mwezi mmoja, mjipikie wenyewe na kulala humo. Wenye pumu wengine hupata nafuu mbali na vumbi letu, na wengine ukungu wa nyumba za pwani huwabana zaidi. Hakuna muuguzi atakayekuambia mke wako yupo kundi gani bila yeye kulala huko. Akilala vizuri, rudini mkaanze kulipia kiwanja kidogokidogo. Akiendelea kukohoa, fedha ya kiwanja itumieni kuweka dari hapo Kongwa, mzibe nyufa za madirisha, mnunue blanketi nzito, na salio mlipie bima ya afya.