Mzizi wa jino la papa usiguswe na asidi

Wiki iliyopita niliingia maabara hapa Dodoma nikamkuta mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, anasugua kisukuku (masalia ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani), jino la papa, kwa brashi ya waya, ile ya kukwangulia kutu. Nilimnyang'anya. Sikumgombeza, maana alishtuka kuliko mimi. Nikamwambia akanawe, anywe chai, kisha nikakaa kuandika haya. Kila mwaka mnarudi kutoka fildi ya Lindi na Kilwa na makosa yale yale, na kwa kuwa nawapenda, nimechoka kunyamaza.

1. Jueni mwamba mnaoukanyaga. Ukiwa Dodoma, usiniletee kila jiwe jeusi lenye ncha. Granaiti na naisi, miamba yetu ya hapa, zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, zilikuwepo papa hajawaza kuogelea. Na nyinyi mnaotoka Mahenge ya Singida (siyo ya Ulanga) na visukuku vya samaki, hongereni, ni vizuri mno, lakini pale palikuwa na ziwa la kreta (shimo la volkano), maji baridi, kama miaka milioni 46 iliyopita. Papa humo hamna.

2. Lebo iandikwe kwa penseli, wino ukilowa umekwisha. Na "Lindi" ni mkoa, siyo mahali: nataka namba za GPS, tabaka la mwamba na tarehe.

3. Asidi. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulipata jino kwenye chokaa ya Lindi. Aliyeliona ni kijana wa kijijini aliyekuwa anatuonyesha njia. Aliinama akasema, "Kaka, hili siyo jiwe." Taji, ile sehemu ya jino iliyo juu ya mzizi, lilikuwa limetokeza nusu, kahawia iliyokolea, linang'aa kama sukari guru iliyoyeyuka, mzizi bado umezama mwambani. Nililifunga kwenye soksi nikalipakata basi zima mpaka Dodoma. Mkuu wangu akasema litasafishwa kwa sindano chini ya darubini, wiki tatu hivi.

Nikaona wiki tatu ni nyingi. Jioni watu walipoondoka, nikachukua asidi ya haidrokloriki tunayodondoshea mawe kupima chokaa, nikamimina bakulini, nikalizamisha. Likatoa povu. Nikafurahi, nikaenda kula.

Asubuhi chokaa ilikuwa imekwisha kweli. Taji limebaki gamba, limeparara. Mzizi nilipougusa kwa kibanio ulimomonyoka kama chaki iliyolowa. Na nilikuwa najua! Jino ni fosfeti ya kalsiamu, na haidrokloriki hula fosfeti kama inavyokula chokaa; hata kwenye mtihani nililiandika hilo. Mifupa ya papa ni gegedu, kitu laini kama cha sikioni, huoza, meno ndiyo yanayobaki. Na mzizi, kwa umbo la ncha zake na mfereji wa katikati, ndio unaosaidia kumtambua mwenye jino. "Papa gani huyu?" aliuliza mkuu wangu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo hakuna aliye nalo.

Msimu uliofuata tulirudi kijijini. Yule kijana akaniuliza jino lake limefikia wapi. Nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza, akaendelea kutembea mbele yetu kutuonyesha njia.

Kwa hiyo ni sindano, wadogo zangu. Hata asidi ya siki, iliyozimuliwa na kuwekewa bafa (kemikali ya kupunguza ukali wake), haitumiki bila msimamizi pembeni.

4. Jino lenye ufa lipakeni Paraloid B-72, gundi ya plastiki ya kuhifadhia, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, supagluu waachieni mafundi viatu. Chekecheni mchanga pia: papa mmoja hubadilisha maelfu ya meno maishani mwake, mengi ni madogo, nyinyi mnaokota makubwa tu. Na kibali mkononi kabla ya nyundo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964.

Yule wa brashi ya waya, jino lake limechubuka karibu na ncha, mzizi mzima. Nimempa sindano na taa. Leo ni siku ya nne, ameshatoa chokaa ya upana wa punje ya mtama.