Ushauri kwa Anayeanza Kulinganisha Uundaji wa Manowari wa Marekani na Japani katika Vita Kuu ya Pili

Karibu kila mwanafunzi anayeanza kusoma habari za vita vya Pasifiki hukutana kwanza na jumla, na jumla hizo humvutia mno kiasi kwamba hushindwa kuziacha. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na vyombo 790 katika utumishi siku Pearl Harbor, kituo chake kule Hawaii, iliposhambuliwa na Japani, tarehe 7 Desemba 1941, na kufikia Agosti 1945 lilikuwa na 6,768. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini ndani yake manowari ya kubeba ndege, yenye mabaharia zaidi ya elfu mbili, huhesabiwa kuwa chombo kimoja sawa na chombo kidogo cha kusafisha mabomu ya baharini. Baada ya miaka mingi ya kuisoma mada hii na kusahihisha insha za wanaoianza, ushauri wangu wa kwanza ni huu: acha jumla kando kwa muda, ufungue kalenda.

Kalenda ya meli ina tarehe tatu ambazo hazipaswi kuchanganywa, nazo ni siku mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, ulipowekwa, siku meli iliposhuliwa majini, na siku ilipokabidhiwa kwa jeshi na kuanza utumishi. Chukua manowari mbili tu za kubeba ndege, moja ya Marekani na moja ya Japani, uziweke bega kwa bega. Essex, iliyoundwa Newport News katika jimbo la Virginia, iliwekewa mkuku tarehe 28 Aprili 1941, ikashuliwa tarehe 31 Julai 1942, na ikaanza utumishi tarehe 31 Desemba 1942. Taiho, iliyoundwa na Kawasaki mjini Kobe, iliwekewa mkuku tarehe 10 Julai 1941, ikashuliwa tarehe 7 Aprili 1943, na ikaanza utumishi tarehe 7 Machi 1944. Moja ilichukua miezi 20 na nyingine miezi 32. Mwanafunzi mwenye haraka ataishia hapo na kuandika kwamba Wamarekani walikuwa wepesi na Wajapani wazito. Usiishie hapo. Tafuta Unryu, nyingine ya Japani ya kubeba ndege, iliyowekewa mkuku Yokosuka tarehe 1 Agosti 1942 na kuanza utumishi tarehe 6 Agosti 1944, yaani miezi 24. Kwa meli moja moja, basi, Japani iliweza kuikaribia kasi ya Marekani hata katikati ya vita, ikiwa mchoro ni mwepesi na kazi imepewa kipaumbele. Pengo lenyewe liko mahali pengine, katika idadi ya meli za aina hiyo ambazo nchi iliweza kuziunda kwa wakati mmoja. Manowari za aina ya Essex zilijengwa katika viwanda vitano, vitatu vikiwa vya jeshi (New York, Philadelphia na Norfolk) na viwili vya watu binafsi (Newport News na Quincy), na 17 kati yake zilianza utumishi kabla vita havijaisha. Za aina ya Unryu zilizokamilika ni tatu.

Kalenda hiyo hiyo itakukinga na kosa la pili, ambalo naliona zito zaidi, nalo ni kudhani kwamba uwezo wa viwanda ulikuwa ukishinda mapigano tangu siku ya kwanza. Uwezo wa kuunda meli hufika vitani umechelewa. Sheria ya Marekani ya kujenga jeshi la bahari mbili, yaani Atlantiki na Pasifiki, iliyoruhusu zaidi ya tani milioni 1.3 za manowari mpya, ilitiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 19 Julai 1940, mwezi mmoja baada ya Ufaransa kuanguka na karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya Pearl Harbor. Matunda yake makubwa yalianza kuonekana Pasifiki katika nusu ya pili ya mwaka 1943. Katikati hapo, vita vilipiganwa kwa meli zilizokuwapo. Mwezi Aprili 1942 manowari za Japani za kubeba ndege zilipiga Colombo na Trincomalee, bandari za kisiwa cha Sri Lanka, na meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zikalazimika kuhamishia makao yao Kilindini, Mombasa. Siku hizo takwimu za viwanda vya Virginia zisingemsaidia mtu yeyote aliyesimama pwani yetu akitazama bahari. Mwishoni mwa Oktoba 1942, baada ya manowari ya kubeba ndege Hornet kuzama karibu na visiwa vya Santa Cruz, Marekani ilibaki na nyingine moja tu, Enterprise, mbele ya kisiwa cha Guadalcanal, nayo ikiwa imejeruhiwa, huku ya tatu, Saratoga, ikiwa bado inatengenezwa. Hivyo anayeandika kwamba matokeo yalikwisha kuamuliwa na viwanda na mapigano yakawa ya kukamilisha tu, anawadhulumu waliopigana mwaka ule, na anaikosea hata hesabu yenyewe.

Sasa tuje kwenye tani, kwa sababu hapo ndipo insha nyingi huharibika bila mwandishi wake kujua. Neno hili moja limebeba vipimo vinne tofauti. Manowari hupimwa kwa uzani wa kawaida uliokubaliwa katika mkataba wa Washington wa mwaka 1922, ambao unajumuisha mabaharia, silaha na risasi lakini unaacha nje mafuta ya kuendeshea meli; pia hupimwa kwa uzani wa meli ikiwa imejaa kila kitu, na Essex inayotajwa kuwa ya tani 27,100 kwa kipimo cha kwanza huzidi tani 36,000 kwa kipimo cha pili. Meli za shehena hupimwa ama kwa ujazo wa ndani, ambapo futi za ujazo 100 huhesabiwa kuwa tani moja, ama kwa uzito ambao meli inaweza kubeba. Tazama meli ya shehena ya Marekani ya aina ya Liberty: ujazo wake ni takriban tani 7,176, uwezo wake wa kubeba ni takriban tani 10,800, na ikijaa husukuma maji ya tani zaidi ya 14,000. Meli ni ile ile.

Hatari inakuja hivi. Takwimu za Marekani za meli za biashara kwa kawaida hutolewa kwa uwezo wa kubeba, na za Japani hutolewa kwa ujazo. Mwaka 1943 viwanda vya Marekani vilikabidhi zaidi ya tani milioni 18 za uwezo wa kubeba, na vya Japani takriban tani 770,000 za ujazo. Ukigawanya moja kwa moja utapata kwamba Marekani iliizidi Japani zaidi ya mara 23. Ukizigeuza kwanza tani za Japani ziwe za uwezo wa kubeba, kwa kuzizidisha kwa moja na nusu kama uwiano wa Liberty unavyoonyesha, utapata karibu mara 16. Pengo linabaki kubwa kupita kiasi, lakini umeepuka kulitia chumvi, na msomaji makini atakuamini katika mengine utakayosema.

Kabla hujalaumu wala kusifu kiwanda chochote, chunguza pia kilichokuwa kinakosekana, maana mara nyingi si nafasi ya kuwekea mkuku. Chuma cha pua ni mfano wa wazi: mwaka 1941 Japani ilizalisha takriban tani milioni 7, na Marekani zaidi ya milioni 70, tena Japani ilikuwa imezoea kununua vyuma chakavu vya Marekani hadi ilipozuiwa mwaka 1940. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mitambo, kwa sababu unazigusa nchi zote mbili. Meli ya kivita ya kasi huhitaji turbini (mtambo unaozungushwa na mvuke), na turbini huhitaji gia kubwa zilizokatwa kwa usahihi mkubwa kwa mashine maalumu ambazo hazijengwi kwa siku moja. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa nazo za kutosha. Ndiyo maana Liberty ziliwekewa injini za mvuke za pistoni za mtindo wa zamani, zilizotoa nguvu za farasi 2,500 na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 11, ili turbini ziachiwe manowari. Ndiyo maana hata manowari ndogo 50 za kubeba ndege za aina ya Casablanca, ambazo kiwanda cha Kaiser kule Vancouver, jimbo la Washington, kilizikabidhi zote ndani ya mwaka mmoja kuanzia Julai 1943, ziliendeshwa kwa injini za pistoni. Japani ilibanwa mahali hapo hapo na ikajibu kwa namna inayofanana: Katsuragi, dada yake Unryu, ilipewa mitambo ya destroya (manowari ndogo ya kasi) kwa kuwa mitambo yake yenyewe haikupatikana, ikashuka kutoka nguvu za farasi 152,000 hadi 104,000, na destroya za aina ya Matsu ziliridhika na nguvu za farasi 19,000, wakati destroya za Marekani za aina ya Fletcher, ambazo zilijengwa 175, zilikuwa na 60,000 kila moja. Mtu akikwambia kwamba upande mmoja ulikuwa na akili ya kurahisisha na mwingine haukuwa nayo, mwonyeshe mitambo hii.

Kuhusu uchomeleaji, fahamu kwamba Japani iliukabili kwa woga uliokuwa na sababu. Mwezi Septemba 1935 kikosi chake cha nne kilikumbwa na tufani katika mazoezi, na destroya mbili, Hatsuyuki na Yugiri, zikakatika omo, yaani sehemu ya mbele. Lawama nyingi ziliangukia uchomeleaji, na jeshi likaupunguza kwenye sehemu zinazobeba nguvu ya meli, likarudi kwenye riveti, yaani misumari ya kuunganishia mabamba. Marekani ilikwenda upande wa pili, ikachomelea meli nzima vipande vipande nchi kavu na kuviunganisha kwenye chelezo, nayo ikalipa gharama yake: tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika katikati ikiwa imefungwa gatini, Portland, Oregon, bahari ikiwa shwari. Naomba usiitaje Liberty iliyoitwa Robert E. Peary, iliyoshuliwa siku nne na nusu hivi baada ya mkuku kuwekwa mwezi Novemba 1942, kana kwamba ndiyo iliyokuwa desturi. Ile ilikuwa kazi ya maonyesho, vipande vyake vikiwa vimeandaliwa mapema. Wastani wa Liberty, katika zaidi ya 2,700 zilizojengwa, ulikuwa kama siku 42, na huo unatosha kumstaajabisha yeyote.

Jambo ambalo wanaoanza hulisahau karibu wote ni matengenezo. Gudi (bwawa la kutengenezea meli) lenye meli iliyojeruhiwa ni gudi lisilopatikana kwa kazi nyingine, na fundi anayeziba tundu la topido hawezi siku hiyo kuwa anaunda meli mpya. Yorktown, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, ilifika Pearl Harbor tarehe 27 Mei 1942 ikiwa imepigwa bomu katika Bahari ya Matumbawe, mafundi wakafanya kazi usiku na mchana, na tarehe 30 ikaondoka kwenda kwenye mapigano ya Midway. Shokaku ya Japani, iliyopigwa katika Bahari hiyo hiyo ya Matumbawe, ilirudi nyumbani na haikuwahi Midway. Baadaye Marekani ilikokota magudi yanayoelea, vipande kwa vipande, hadi visiwa vya Espiritu Santo na Manus, ili meli zitengenezwe karibu na vita. Yamato ya Japani, mojawapo ya manowari nzito kuliko zote za vita hivyo, ilipopigwa topido na nyambizi ya Marekani Skate karibu na Truk, kituo cha Japani katika Pasifiki, tarehe 25 Desemba 1943, ilizibwa kwa muda tu pale Truk, kisha ikabidi irudi hadi Kure, Japani, kupitia maji yenye nyambizi ili itengenezwe. Jedwali lisilo na safu ya matengenezo huonyesha nusu ya kazi ya kiwanda.

Mwisho, ongeza safu ya siku meli ilipokwenda vitani ikiwa na ndege na marubani wake, uone inavyobadilisha picha. Essex ilianza utumishi siku ya mwisho ya mwaka 1942 na kupiga kisiwa cha Marcus tarehe 31 Agosti 1943, baada ya miezi minane ya mazoezi na maandalizi. Shinano, manowari ya Japani ya kubeba ndege, ilianza utumishi tarehe 19 Novemba 1944 na kuzamishwa na nyambizi Archerfish siku kumi baadaye, kazi za ndani zikiwa hazijakamilika. Unryu ilizamishwa na nyambizi Redfish tarehe 19 Desemba 1944 ikiwa njiani kupeleka shehena Manila. Katika safu hiyo, mbele ya majina Unryu, Amagi na Katsuragi, utaandika kwamba hakuna hata moja iliyopata kupeleka kikosi chake cha ndege vitani.