Wazee na corona, haikuwa ugonjwa tu

Umeuliza kama wazee waliumizwa na corona yenyewe tu. Hapana, huku Kenya Nairobi ilifungwa Aprili 2020 mpaka Julai, watoto wa mjini wakashindwa kufika ushago, na makanisa na misikiti ilipofunguliwa wenye zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Sasa fikiria shosho ambaye wiki yake yote ni kanisa na chama, ghafla yuko peke yake, hatembei, magoti yanakakamaa, usingizi hakuna, na wenye presha na sukari wengine wakaogopa hata kwenda kliniki kuchukua dawa. Upweke huo unaniuma mpaka leo. Kama mzazi wako tangu wakati ule hatoki tena, nenda ukae naye hata siku mbili, umpeleke kliniki apimwe afya.