Ule mwavuli kwenye stempu ya Goya

Wapo wanaodhani mwavuli kwenye stempu hii ni wa mvua. Ni wa jua, si wa mvua. Stempu hiyo ya Hispania ya 1958 imetoa nakala ya mchoro wa Goya, mchoraji wa Hispania, uitwao El quitasol (yaani mwavuli wa jua), aliouchora mwaka 1777 uwe kielelezo cha zulia la ukutani kwa chumba cha kulia chakula katika ikulu ya El Pardo. Mtazame bibi aliyeketi: uso uko kivulini, sketi inawaka jua, na mkononi ana upepeo. Nani hubeba upepeo mvuani? Kinachowachanganya watu nadhani ni yale mawingu na mti uliopindishwa na upepo. Halafu stempu ina rangi moja tu. Kwenye mchoro halisi, ulioko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, mwavuli ni wa kijani.