Tairodi mpya haina nipeli, fundi kanipiga?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Fuso tipa inabeba mchanga toka Mkuranga kuleta Dar. Mwezi uliopita stelingi ilianza kucheza, nikaipeleka gereji, wakabadilisha tairodi zote mbili, vile viungo vinavyounganisha stelingi na tairi za mbele. Sasa hizi mpya hazina kile kichuchu cha kupigia grisi. Dereva kaja juu, anasema hizo ni za gari ndogo, tutoboe tuweke nipeli. Fundi naye anasema ndo za kisasa, huzigusi mpaka zife. Mi sijui kitu, nalipa tu. Nimwamini nani?
Mwenye tipa, Mbagala

JIBU: Marahaba. Hajakupiga, ila hiyo drili iwekeni mbali kwanza. Tairodi iliyofungwa kabisa ndani yake mara nyingi ile goroli, kile kichwa cha duara kinachozunguka, imekaa kwenye kikombe cha plastiki ngumu, grisi imewekwa kiwandani, ukitoboa unamwaga vumbi la chuma mle mle ndani na plastiki unaijeruhi, kwahiyo umenunua kitu kipya umekiua siku hiyo hiyo. Nimeona watu wanafanya, wanajisifu kabisa.

Zile za zamani zenye nipeli, nyingi ni chuma kwa chuma, zinaishi kwa grisi, na faida yake kubwa wengi hawaijui. Grisi mpya ikiingia inasukuma nje ile ya zamani pamoja na maji na mchanga ulioingia, yaani unalainisha na kusafisha kwa mpigo. Kwa gari inayoingia machimboni kila siku hilo ni jambo kubwa. Lakini hapo kuna "kama", kama kuna mtu anapiga! Nipeli isiyopigwa grisi ni pambo, afu ikikauka inakufa mapema kuliko hiyo ya kisasa. Sasa muulize huyo dereva bomba la grisi liko wapi na mara ya mwisho alilishika lini. Akijibu bila kukuna kichwa, siku tairodi hizi zikiisha nunua zenye nipeli, na kwa kazi yako zipigwe kila wiki, ukiosha gari ndo upige baada ya kuosha, sio kabla, ili maji yatoke. Akikuna kichwa, baki na hizi hizi.

Ila "huzigusi mpaka zife" nalo fundi wako kalitamka vibaya. Hutazigusa kwa grisi, kuzikagua lazima. Uhai wote wa hiyo tairodi uko kwenye ule mpira mweusi unaoifunika goroli, ukichanika hata kidogo maji yanaingia, grisi inatoka, na huna njia ya kurudisha, badilisha tu usisubiri ianze kucheza. Waambie waosha magari wasielekeze presha kwenye mipira, na wasiisugue kwa dizeli, inaiharibu. Kukagua ni rahisi, gari ikae chini kwa matairi yake, injini inaunguruma, mtu atikise stelingi kushoto kulia kidogo kidogo, wewe chungulia pembeni, usilale mbele ya tairi. Ukiona goroli inacheza kabla mkono wa chuma unaogeuza tairi haujasogea, imeisha. Angalia pia nati ina splitipini ya kweli, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, maana kuna mafundi wanakunja msumari. Na kama baada ya kufunga hamkupima alaimenti, yaani kama tairi za mbele zimenyooka sawa, nenda leo, la sivyo tairi za mbele zitakula upande mmoja halafu lawama zote zitaenda kwa tairodi.

SWALI: Fundi habari, mi ni dereva wa trela, Mariakani. Grisi napiga kila wiki lakini kingipini, zile pini za ekseli ya mbele ambazo tairi inageukia, zinaisha tu. Kwani grisi ni feki?
Dereva

JIBU: Salama kaka. Kabla ya kulaumu grisi niambie, unapiga gari ikiwa imekaa chini? Uzito wote wa mbele unabana ile beringi ya kingipini, grisi inapita palipo wazi, pale panaposagika panabaki pakavu. Piga jeki ekseli ya mbele mpaka tairi zining'inie, weka stendi, usiamini jeki peke yake, ndo upige huku mwenzako anazungusha stelingi, mpaka uone grisi safi inatoka. Nipeli isiyopitisha itoe uweke nyingine, sio kuihesabu kama imepigwa. Na usichanganye grisi za aina tofauti bila kujua, kuna zinazokutana zikalainika zikamwagika kama uji.

Tairi zikiwa bado juu shika moja juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie utingo akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea, hiyo ni beringi ya tairi, kingipini umeisingizia. Ukibaki, ndo yenyewe, na bushi zake, zile pete ambazo pini inazungukia ndani yake, badilisha pamoja.