Shilingi Nyekundu ya 1922: Je, Ni ya Majaribio?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kisanduku cha marehemu babu nimekuta shilingi ya Afrika Mashariki ya 1922, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na simba mbele ya milima upande wa pili. Mgongo wa simba na shavu la mfalme ni vyekundu kama shaba. Jirani yangu anasema hii ni sarafu ya majaribio, iliyopigwa kwa shaba kabla ya zile za fedha kutolewa. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, umetaja mahali wekundu ulipo, na hapo ndipo penye jibu. Shilingi hizi, zilizoanza kupigwa 1921, zilikuwa na fedha robo tu, na sehemu kubwa ya iliyosalia ilikuwa shaba. Madini hafifu ya namna hiyo huoshwa kwa tindikali kabla ya kupigwa chapa, ili shaba ya juu iondoke na fedha ibaki imetanda kama ngozi nyembamba. Sarafu ikipita mikononi miaka mingi, ngozi hiyo hulika kwanza palipoinuka, yaani mgongoni na shavuni.

Pigo la majaribio lililofanywa kwa shaba tupu lingekuwa jekundu kote, hata ndani ya vifereji vilivyo kando ya herufi. Chukua kioo cha kukuzia uangalie hapo: ukiona weupe, jirani amekosea. Mizani peke yake haitakusaidia sana, kwa sababu shilingi nzima ina uzito wa gramu 7.8 hivi, shaba ya ukubwa uleule hupungua kidogo tu, na kuchakaa nako hupunguza.

Mafundi walifanya majaribio ili kuona kama muhuri wa chuma umechongwa sawasawa na kama madini yanajaza kila mstari, mara nyingi kwa kipande laini cha risasi au bati, pengine upande mmoja tu. Vielelezo, yaani sarafu za mfano zilizopigwa ili kuombea muundo idhini, ni jambo jingine. Wala ukaguzi wa kiwandani haukufichua kila kasoro: senti za alumini za 1907 na 1908 zilipita, kisha hali ya hewa ya huku ikazila, na kuanzia 1909 zikapigwa za shaba na nikeli.

Tafadhali usiisugue kwa majivu wala ndimu, kwani utaiondoa ngozi hiyohiyo tunayoitafuta.